Mwadhini na Bomba la Korongoni

Kijijini kwetu, mbele kidogo ya Ilongero, hata sisi Walutheri tulimwita Mwadhini. Jina lake alikuwa nalo kama kila mtu, lakini sikumbuki kulisikia kinywani mwa yeyote isipokuwa mkewe, naye alilitaja akiwa amekasirika tu. Mwadhini alikuwa na kazi mbili, kuadhini na kulinda bomba la maji. Ukimuuliza ipi kubwa alikutazama kama umemtukana. Watu hawaswali bila udhu, udhu haupatikani bila maji, basi kwake hiyo ilikuwa kazi moja na wewe ndiye uliyeshindwa kuhesabu.

Mimi nilimjua kwa sababu ya korongo. Maji yetu yanavutwa na pampu ya jua kutoka kisimani, yanapanda kwenye tenki lililowekwa juu ya mwamba, kisha yanateremka kwa bomba hadi kwenye vituo vya kuchotea. Bomba lote limezikwa, ila nyuma ya uzio wangu linakutana na korongo, na hapo linachomoza nje, linavuka juu juu, linazama tena ng'ambo. Kipande kile cha plastiki kilikuwa kimepigwa na jua la Singida mpaka kikapauka. Ndicho kilichokuwa kinapasuka, na kila kikipasuka Mwadhini alikuja na tepu yake nyeusi, ile ya mafundi umeme. Sitasema uongo, bustani yangu ya mchicha iliishi kwa matone ya pale, kwa hiyo sikuwa na haraka ya kuona bomba limepona.

Lakini kiangazi ninachokikumbuka zaidi hakikuwa cha mchicha. Ni kile ambapo Mwenyekiti wa kamati ya maji alisimama kwenye mkutano wa kijiji akamwambia Mwadhini, tena kwa heshima zote, kwamba tenki likimwagika mara moja tu tena kwa sababu ya tepu zake, ufunguo utarudi kwa kamati. Ufunguo wenyewe ulikuwa wa kufuli la chemba, pale juu karibu na tenki, ilipo koki kubwa ya kufungulia maji. Ulikuwa mmoja tu. Mwadhini aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, ndani ya kanzu, na watoto waliamini analala nao. Siku ile aliutoa nje, watu wote wakauona, akasema, "Huu utatoka hapa siku nikioshwa." Kisha akaurudisha ndani na kuketi. Hakuna aliyecheka, maana tulijua hasemi mzaha.

Mtu yule hakuwahi kukosea. Namaanisha kwamba hakuwahi kukubali. Ramadhani moja iliyoangukia wakati wa mvua alitazama mbingu, akaona giza, akaadhini magharibi. Waislamu wakafungua. Wakiwa bado wanapuliza uji, mawingu yakaachana na jua likaonekana juu ya mwamba, limetulia, halina habari ya kutua. Wakamwendea kwa hasira. Akawaambia, "Mimi sikuwahi. Jua ndilo lililochelewa." Ilibidi wote wailipe siku ile baadaye, na yeye akailipa kimya kimya, lakini neno "nimekosea" halikutoka. Mbuzi wake walipokula mtama wa jirani alisema mtama ulipandwa njiani. Mkewe, bibi mmoja mfupi mwenye sauti ya chini, alikuwa akija jikoni kwangu kuomba moto na kunieleza mambo ya nyumbani. "Huyu babu yenu," aliniambia, "siku akifa atasema si yeye aliyekufa."

Meno ya mbele hakuwa nayo, yote ya juu. Aliwahi kunieleza kuwa alipigwa teke na punda. Mwaka uliofuata akaniambia aliteleza mwambani kwa sababu mtu alimwaga mafuta ya alizeti. Mara nyingine ilikuwa ni daktari wa mtaani. Sababu zilibadilika, ila katika kila moja mwenye kosa alikuwa mtu mwingine. Kwa pengo lile adhana yake ilikuwa na mluzi mwembamba ndani yake, na bado ilikuwa nzuri. Nasema hivyo mimi ambaye siku ya Jumapili naimba sauti ya pili kwaya. Kuna jioni nilisimama na jembe mkononi nisilime, namsikiliza.

Pengo hilo lilimlazimisha pia kutembea na wembe. Kila mtu mwingine akifunga kitu kwa tepu huikata kwa meno, tunaijua sote ladha yake. Yeye hakuweza. Aliweka wembe katika mkunjo wa kofia yake, umefungwa kwa karatasi, na akimaliza kufunga bomba aliutoa na kukata tepu kwa mstari ulionyooka kabisa. Kisha aliulaza mwisho ule kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Kumtazama akifanya kazi ilikuwa ni kuvumilia maneno. Alifika baada ya adhuhuri, koki ikiwa imefungwa na bomba halina maji.

"Shikamoo babu," nilimwambia kutoka kwenye uzio.

"Marahaba. Umekuja kuangalia kama mchicha wako utakufa?"

"Hapana babu, nimekuja kukusalimia."

"Usinisalimie. Lete kitambaa kikavu."

Nilileta. Alilala kifudifudi ukingoni mwa korongo, akalifuta bomba mpaka likakauka, akalikwaruza kwa msasa, akalifuta tena. Tepu haishiki kwenye maji, alisema, na mtu anayefunga tepu kwenye bomba lililolowa ni sawa na anayemwambia mwizi karibu. Kisha alichukua ukanda wa tyubu ya baiskeli, akauvuta kwa nguvu na kuuzungusha juu ya ufa. Baada ya hapo ndipo ilipokuja tepu, ikianzia mbali na ufa upande huu na kuishia mbali upande ule, kila mzunguko ukilalia nusu ya mzunguko uliotangulia. Wakati wote huo alikuwa akiitukana plastiki, serikali, jua, na kamati. Kila mkutano aliwaambia kamati maneno yale yale: "Tepu ni mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nileteeni bomba jipya!" Na kamati kila mkutano ilisema inalifanyia kazi.

Ungedhani basi kwamba bomba jipya lilipokaribia kweli alifurahi. Mwaka ule kamati ilimpata fundi wa mjini, kijana wa Mandewa, mwenye pikipiki na adabu nzuri, aliyesema korongo linataka bomba la chuma na akaeleza kwa nini. Alikuwa sahihi, hata mimi nisiyejua kitu niliona ni sahihi. Mwadhini akageuka. Chuma kitashika kutu, alisema. Chuma kitaibwa na wauza vyuma chakavu. Fundi mwenyewe bado ananuka maziwa. Nyumbani kwake nako, yeye anayetukemea sote, bomba la uani lilikuwa limefungwa tepu juu ya tepu mpaka limevimba kama goti, na mkewe alishachoka kusema. Nilichelewa kuelewa. Tepu ilimhitaji kila juma. Bomba la chuma lisingemhitaji hata kidogo.

Na mikono ilikuwa imeanza kumsaliti. Niliiona kwanza kwenye kikombe. Nilimpa chai, kikombe kikagonga kisahani mpaka akakiweka chini na kusema chai yangu ni ya moto mno. Halafu nikaiona kwenye tepu. Hakuweza tena kuivuta ikanyooka. Ilikunjamana, ikaacha mapengo ambayo kidole cha mtoto kingepita, naye akailaza kwa gumba na kuikata kwa wembe wake mstari ulionyooka, akaniuliza, "Unaona?" Nikamjibu naona, babu. Alipoondoka moyo wangu ulibaki pale korongoni. Kuanzia siku hiyo, kila alasiri alipofungua koki nilisimama uani bila kufanya kazi. Maji yakirudi kwenye bomba tupu hutanguliza upepo, bomba hukohoa, hutetemeka, kisha hutulia. Nilihesabu pumzi zangu mpaka litulie. Lilikuwa linatulia. Sikuelewa kwa nini kazi ile mbovu ilikuwa inashika.

Jibu nililipata alasiri moja, adhana ikiwa inatoka kwenye kipaza sauti cha msikiti. Nilikuwa nimeinama mchichani. Nikasikia changarawe zinaporomoka korongoni, nikanyanyuka, nikamwona mkewe anateremka na kikapu. Alipiga magoti penye bomba, akabandua tepu ya mumewe yote na ukanda wa tyubu, akaanza upya. Alikuwa na mikono imara, ya mwanamke aliyetwanga uwele maisha yake yote. Alifunga haraka na vizuri. Alipomaliza aliinama, akaikata tepu kwa meno. Alipoinua uso tukatazamana.

"Mwanangu," aliniambia, "hujaniona."

"Sijakuona, bibi."

Lakini hakuondoka. Alikaa pale chini, ushungi umemteleza, akaniambia kwa ile sauti yake ya chini kuwa amekuwa akifanya hivyo tangu uwele ulipovunwa. Mumewe akimaliza korongoni huenda moja kwa moja msikitini, akaadhini, akaswali, ndipo apande kwenye koki. "Nikimsikia anaita najua yuko wapi," alisema. "Sauti yake ikiwa kule, mikono yake haiwezi kuwa huku. Mimi nitaswali baadaye, Mungu ananiona."

"Kwa nini usimwambie tu, bibi? Mfanye pamoja."

Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu mwenye akili pungufu. "Umeishi naye jirani miaka yote hii hujamjua? Ule ufunguo ukimtoka atakaa ukutani asubuhi mpaka jioni, na baada ya mwezi tutamzika. Na akijua kwamba nampitia nyuma hatangoja hata huo mwezi. Hataumwa. Ataona aibu tu, basi." Kisha akaniapisha. Niliapa kwa Mungu wangu, yeye akaitikia kwa wake.

Hivyo nikawa mlinzi nisiyeajiriwa. Adhuhuri nilimsalimia mume, nikampa kitambaa, nikasifia kazi. Alasiri nilisimama kwenye uzio nikitazama njia ya msikitini huku mke akifunga, na kama mtu alikuja niliimba wimbo wa kwaya kwa sauti. Niliogopa kila siku. Nilimwogopea bibi, nilimwogopea mzee, na nilikasirika pia, maana nani alinituma kujenga nyumba karibu na korongo? Mwenyekiti naye alipita mara nyingi zaidi, mikono nyuma, akitazama bomba na kutikisa kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kijiji kizima cha kukinywesha na kiangazi kilikuwa kirefu.

Siku yenyewe umeme ulikatika na upepo ulikuwa ule wa kwetu unaoinua vumbi la mashamba likafuta njia. Bila umeme kipaza sauti kilikuwa bubu. Mwadhini alitoka nje ya msikiti akaadhini kwa kinywa chake kitupu, na upepo ukaichukua sauti yote upande wa pili. Sisi huku hatukusikia kitu. Bibi alikuja na kikapu chake, akasimama kando ya uzio wangu, akasubiri adhana.

"Leo amechelewa," alisema.

"Labda anatafuta betri," nilimjibu.

Tukasubiri tena. Alipochoka kungoja alisema ataanza tu, akimsikia ataharakisha. Akateremka. Alikuwa amekwisha kubandua tepu yote na tyubu, bomba liko tupu na ufa wake wazi, ndipo nilipoona watu wanatoka upande wa msikiti wameshika ndoo. Watu hawaendi vituoni kabla koki haijafunguliwa.

"Bibi! Wameshaswali!"

Na hapo hapo bomba likakohoa.

Sijawahi kuona mtu akifanya kazi vile. Alizungusha tepu bila tyubu, mikono ikivuka na kurudi, na matone ya kwanza yakaanza kumlowesha vidole. Tepu ikashika, ikateleza, akaikamata tena, akaikata kwa meno na kuikandamiza kwa viganja vyote viwili. Bomba likatetemeka. Kisha likatulia. Aliinuka amelowa mpaka kifuani, akapanda ukingo kwa mikono na miguu, akapita kwangu, akaenda zake nyumbani kabla mumewe hajafika.

Ilishika kwa muda, wa kutosha kwa Mwadhini kufungua maji, kufunga kufuli la chemba na kwenda kituo cha mwisho kabisa, kule mabondeni, ambako wanawake wawili walikuwa wanagombania zamu. Kisha nikasikia mlio kama kitambaa kinachochanwa. Nilipofika korongoni maji yalikuwa yanaruka juu kuliko uzio. Nilijaribu kuziba kwa kanga yangu, ikanichapa usoni. Nikapanda mbio mpaka kwenye chemba, nikakuta kufuli. Nililitikisa lile kufuli nikilia. Ufunguo mmoja, shingo moja, na shingo yenyewe iko mabondeni.

Nilikimbia, mwanamke wa umri wangu, kanga imelowa mkononi, nikipita watu wanaoniuliza nani kafa. Nilimkuta amesimama katikati ya wanawake wale akiwahukumu. Sikuhitaji kusema. Alinitazama, akageuka, akakimbia naye, kanzu ameikusanya magotini, na pale kwenye mwinuko wa mwamba nilimpita, nikarudi kumshika mkono, akaunyang'anya. Alipofungua chemba na kuzungusha koki hapakuwa na cha kuzuia. Tenki lilikuwa linatoa hewa.

Asubuhi iliyofuata karibu kijiji kizima kilikuwa korongoni na ndoo tupu. Mwenyekiti alikuja na yule fundi wa Mandewa. Fundi aliteremka, akarudi na kile kipande cha tepu kilichochanika, akampa Mwenyekiti, na Mwenyekiti akakiinua watu wakione. Wanawake walisimama upande wa uzio wangu. Bibi alikuwa mbele yangu, nikaona mabega yake yanavyopanda na kushuka.

"Mzee wetu," alisema Mwenyekiti, "nilisema mbele ya watu, nami nauliza mbele ya watu. Kazi hii ni ya nani?"

Kila mtu alijua litakalofuata. Baadhi walikwisha kutabasamu, wakisubiri kusikia safari hii ni jua, ni kamati, ni punda, au ni mimi na mchicha wangu. Mwadhini akanyoosha mkono akapewa tepu. Aliishika ikitetemeka pamoja na vidole vyake. Akaigeuza akautafuta mwisho wake, akapitisha kidole gumba pale ilipokatwa, mara moja, kisha akarudia polepole. Mwisho ule haukuwa umenyooka. Ulikuwa na alama za meno, moja baada ya nyingine, na mimi nilikuwa naziona kutoka pale niliposimama, au nilidhani naziona. Nilisema moyoni, sasa ataangalia nyuma. Sasa atasema si mimi, na safari hii itakuwa kweli.

Hakuangalia nyuma. "Ni yangu," alisema.

 Mwenyekiti alikuwa ameshafungua kinywa kwa jibu jingine, akakifunga.

"Ni yangu," alirudia. "Mikono imechoka. Nimekosea."

Bibi akapiga hatua mbele. "Lakini..." alianza.

"Nyamaza!" Mwadhini alimkaripia bila kugeuza kichwa. Kisha akahamia Kinyaturu, akamwambia maneno makali, kwamba tangu lini mambo ya bomba yamekuwa ya wanawake, arudi nyumbani akaangalie mbuzi. Watu waliona vibaya. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema mzee hana haya, ameshindwa kazi anamalizia hasira kwa mkewe. Bibi akarudi nyuma, akajifunika mdomo kwa ushungi. Mwadhini akaingiza mkono ndani ya kanzu, akatoa ile kamba ya kiatu, ikakwama kwenye kofia, akahangaika nayo, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipoitoa alimwekea Mwenyekiti ufunguo kiganjani, akaenda zake. Tepu aliondoka nayo, ameifumba mkononi.

Bibi alinikuta jikoni siku ile ile, macho mekundu. Alisema amemuua mumewe kwa mikono yake. Alisema tepu ya mzee, pamoja na mapengo yake yote, ilikuwa na tyubu ndani, na pengine ingeshika. Hilo ndilo lililomla. "Na yeye anaamini ni yake," alilia. "Amesema nimekosea kwa kosa langu. Mwanangu, sasa ndiyo asijue kabisa. Uliapa." Nikamwambia naapa tena.

Bomba la chuma liliwekwa kabla ya mvua. Halivuji hata tone. Mchicha wangu wote ulikauka, na sina wa kumlaumu. Funguo sasa ziko tatu, kama ilivyopaswa kuwa siku zote, na kijana wa Mandewa huja na pikipiki yake akiitwa. Mwadhini hakufa baada ya mwezi. Alikonda, alipunguza kugombana, jambo lililotutisha kuliko kukonda, lakini aliendelea kuadhini, na mluzi wake ulikuwa pale pale.

Nilikwenda kwao baada ya mavuno, na bakuli la maboga yaliyochemshwa. Nilimkuta uani peke yake kwenye kigoda, anachambua alizeti kwenye ungo, punje zinamtoroka vidoleni. Bibi alikuwa jikoni, moshi unatoka mlangoni. Nilimsalimia, akaitikia, akaniuliza kama mchicha umeota. Nikasema haujaota, babu, chuma chenu hakina huruma. Akacheka kidogo. Sikuwa nimepanga kusema chochote. Nilitaka tu kumwambia neno la kumfariji, nikaanza kusema kwamba siku ile watu walimwonea, kwamba umeme na upepo navyo vilikuwa na sehemu yao.

Akaweka ungo chini. Akatazama mlango wa jikoni, kisha akashusha sauti. "Mama Neema, wewe ulikuwa unaimba kwaya pale uani kila alasiri. Unadhani mimi ni kiziwi?"

Nililiweka bakuli la maboga chini, kando ya ungo.

"Niliporudi kufunga ufa mwingine, siku nyingi kabla, niliikuta tepu yangu si yangu. Mimi nakata kwa wembe. Ile ilikuwa na meno." Alijigusa pengo lake. "Na katika kijiji hiki nayajua meno ya mtu mmoja tu."

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Tangu uwele ulipovunwa."

"Babu, kwa nini hukumwambia?"

Alitazama mikono yake iliyolala magotini ikichezacheza yenyewe. "Ningemwambia, angeacha kuja," alisema. "Nami ningebaki na hii."

"Na siku ile? Si angesema mwenyewe, angekuokoa."

"Angesema, wangemwita mwaga maji mpaka siku ya kaburi lake. Unawajua watu wetu. Mimi nimezoea kusemwa." Akachukua ungo. "Sasa usimwambie kwamba najua. Yule anadhani alinificha aibu. Mwache adhani hivyo, ndiyo zawadi yake kwangu, na mimi sina nyingine ya kumrudishia."

Machozi yalinijia na sikuyaficha. Akanikaripia kwamba nitalowesha alizeti. Kisha akainuka kwa shida, akachukua birika la kutawadhia, akazunguka nyuma ya nyumba.

Bibi alikuwa anasubiri aondoke. Alitoka jikoni na kibuyu cha uji, akatazama kule mumewe alikopotelea, akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya moshi kwenye ushungi wake.

"Mlikuwa mnaongea muda mrefu," alininong'oneza. "Hajajua?"

Nyuma ya nyumba maji yalikuwa yanamiminika kidogo kidogo kwenye jiwe.

"Hajajua, bibi," nikasema.

Akashusha pumzi, akanimiminia uji.